“Sobering” na jamaa zake: kuchagua kivumishi cha Kiingereza kwa jambo linalotia fikira nzito

Anayeandika kwa Kiingereza huku akifikiri kwa Kiswahili, au anayefasiri matini ya Kiingereza, hukutana mapema na kundi la vivumishi vinavyoonekana kusema jambo moja: “serious”, “grave”, “solemn”, “sombre”, “thought-provoking” na “sobering”. Vikifasiriwa kwa neno mojamoja, vyote huangukia maneno yanayokaribiana, kama vile -zito, -a makini, -a huzuni au -a kufikirisha, na mtumiaji hubaki akichukua chochote kilicho karibu na mkono wake. Katika ulinganisho huu “sobering” ndicho kipimo, na vingine vinawekwa kandokando yake, kwa kuwa hicho ndicho chenye masharti mengi zaidi na ndicho ambacho, kikipachikwa mahali pasipo pake, humfichua mwandishi haraka zaidi.

Ulevi unaomtoka mtu

“Sobering” kinatokana na kitenzi “to sober”, nacho kinatokana na kivumishi “sober”, kilichoingia katika Kiingereza kupitia Kifaransa kutoka neno la Kilatini “sobrius”, yaani mtu ambaye hakulewa, kinyume cha “ebrius”, aliyelewa. Asili hiyo ingali hai ndani ya neno. Kila kinapotumiwa ipasavyo, pana mtu au watu waliokuwa wamelewa kitu fulani ambacho kwa kawaida si pombe: ushindi, sifa, faida, uhakika kwamba hatari ni ya wengine, au mazoea tu ya kutoliwazia jambo. Kisha hutokea habari, takwimu, picha au tukio, na ulevi huo ukawatoka. Ndiyo kusema kwamba kivumishi hiki kinaeleza mpito kutoka hali moja kwenda nyingine, ilhali jamaa zake wengi hueleza hali iliyokwisha kutulia.

Msemaji wa Kiswahili ana njia nyepesi ya kuihisi tofauti hii, kwa sababu lugha yake ina kauli ya kutendua. Tunafumba kisha tunafumbua, tunaziba kisha tunazibua, mtu analewa kisha analevuka. “Sobering”, kwa roho yake, ni kivumishi cha kutendua: kinahitaji kwanza kitu kilichofumbwa ndipo kikifumbue. Pasipokuwa na kitu cha kutenduliwa, kivumishi hakina kazi.

Tuseme wakurugenzi wa kampuni wamekutana wakiwa wachangamfu, wakiamini kwamba mwaka umekwenda vizuri, na mkaguzi wa hesabu akawasomea taarifa inayoonyesha kwamba mauzo yameongezeka lakini fedha taslimu zilizobaki haziwezi kulipa mishahara ya miezi miwili. Taarifa hiyo ni “sobering”, na mtu akiandika “The auditor's report was sobering” amesema kila kitu kwa neno moja: uchangamfu ulikuwepo, sasa haupo, na watu wameanza kufikiri. Lakini iwapo wakurugenzi haohao waliingia ukumbini wakijua tayari kwamba kampuni inazama, taarifa ileile, yenye tarakimu zilezile, haistahili tena kivumishi hicho. Itakuwa “grim” au “serious”, kwa sababu haikumzindua mtu yeyote. Swali la kujiuliza kabla ya kuliandika neno hili ni hilo hasa: ni nani aliyekuwa amelewa, na alikuwa amelewa nini? Jibu likikosekana, tafuta kivumishi kingine.

Kinachozindua na aliyezinduka

Kosa la kwanza la kuepuka ni la kisarufi, na linafanana na lile la “boring” na “bored”. Kitu ni “sobering”. Mtu ni “sobered”. Huwezi kuandika “I felt very sobering after the lecture” ukimaanisha kwamba mhadhara ulikutuliza na kukutia fikira. Utaandika “I felt sobered” au “I found the lecture sobering”. Kwa Kiswahili kosa hilo halifanyiki kwa urahisi, kwa kuwa vitenzi vyenyewe vinatofautiana waziwazi: jambo linachosha na mtu anachoka, jambo linashangaza na mtu anashangaa, jambo linazindua na mtu anazinduka. Ukitaka kuhakikisha, geuza sentensi yako ya Kiingereza iwe ya Kiswahili akilini. Ikitoka na kuzindua, andika “sobering”, na ikitoka na kuzinduka, andika “sobered”.

Kivumishi hiki hupenda nomino za aina maalumu. Kinakaa vizuri mbele ya “thought”, “reminder”, “reality”, “experience”, “statistics”, “moment”, “lesson” na “effect”, na ikiwa ni “effect”, kihusishi kinachofuata ni “on”, kama katika “The news had a sobering effect on the crowd”. “Reminder” nacho hufuatwa ama na “of” pamoja na nomino, ama na “that” pamoja na sentensi nzima. Upo pia msemo ambao mgeni wa Kiingereza huuona kama kosa la uchapaji, nao ni “The figures make sobering reading”, yaani takwimu hizo, mtu akizisoma, zinamzindua. Si kosa, na katika uandishi wa magazeti na ripoti msemo huo ni wa kawaida sana. Mkazo wa matamshi unaangukia silabi ya kwanza.

Nomino ambazo kivumishi hiki hakizipendi ni zile za watu. “A sobering man” haileti maana iliyo wazi, ingawa “a sobering presence” inakubalika kwa mtu ambaye akiingia tu chumbani vicheko hukoma.

“Sober” na “sobering”

Herufi tatu za mwisho zinageuza mambo mengi. “A sober assessment” ni tathmini iliyofanywa kwa akili tulivu, bila jazba wala chuki. Tathmini hiyo inaweza kuleta habari njema, na msomaji akafurahi. “A sobering assessment” ni tathmini inayoyaondoa matumaini ya msomaji, hata kama aliyeiandika alikuwa na jazba. Ya kwanza inamsifu mwandishi wa tathmini, ya pili inaeleza yanayompata msomaji. “Sober” hutumika pia kwa mavazi na rangi zisizo na mbwembwe, na kwa mtu ambaye hajanywa pombe, matumizi ambayo “sobering” haina, isipokuwa katika muktadha wa pombe yenyewe: baadhi ya miji ya Marekani ina vituo viitwavyo “sobering centers”, ambako waliolewa hupumzishwa hadi pombe iwatoke. Hapo neno limerudi kwenye maana yake ya kwanza.

“Thought-provoking”: jirani anayechanganywa zaidi

Kati ya vivumishi vyote, hiki ndicho kinachoonekana kuwa pacha wa “sobering”, kwa kuwa vyote viwili vinamfanya mtu afikiri. Tofauti iko katika namna ya kufikiri. “Thought-provoking” huchokoza akili. Humpa mtu swali la kuchezea, na huenda akatoka akiwa na furaha kuliko alivyoingia. Maonyesho ya picha, mchezo wa kuigiza, mjadala wa falsafa, hata kitendawili kizuri, vyote vinaweza kuwa “thought-provoking”. “Sobering” hakichokozi, kinanyamazisha kwanza, kisha kinaacha fikira zije zenyewe. Mtu aliyepatwa na jambo la “thought-provoking” hutafuta mtu wa kuzungumza naye, ilhali aliyepatwa na la “sobering” hukaa kimya kwa muda.

Yapo mambo yanayostahili vyote viwili, na hapo ndipo mwandishi anapaswa kuamua anataka msomaji aelekee wapi. Tarehe 14 Februari 1990, chombo cha anga cha Voyager 1 kiligeuza kamera yake nyuma na kuipiga picha Dunia kutoka umbali wa takribani kilomita bilioni 6. Katika picha hiyo sayari yetu ni nukta iliyopauka, ndogo kuliko pikseli moja, ndani ya mstari wa mwanga wa Jua uliotawanyika. Ukitaka kuzungumzia maswali inayoyaibua, kwa mfano kama kuna wengine wanaoitazama nukta hiyo, picha ni “thought-provoking”. Ukitaka kusema kwamba inatuonyesha udogo wetu, ni “humbling”, neno ambalo mizizi yake ya Kilatini iko katika unyonge na udongo. Na ukitaka kusema kwamba tulikuwa tukiishi kana kwamba tuna mahali pengine pa kuhamia, kumbe kila kitu chetu kimo ndani ya nukta ile, hapo ndipo picha inakuwa “sobering”. Picha ni moja, lakini kila kivumishi kimechukua kipande chake.

Karibu na hapo kuna “eye-opening”, ambacho Kiswahili kina mwenzake kamili, -a kufumbua macho. Hicho nacho ni cha kutendua, ila kinachoondolewa ni ujinga peke yake, na kile mtu anachokiona baada ya kufumbuliwa macho kinaweza kuwa kizuri. Safari ya masomo inaweza kuwa “eye-opening” na ikafurahisha kuanzia mwanzo hadi mwisho. Haiwezi kuwa “sobering” na ikafurahisha namna hiyo.

“Grave”, “solemn”, “sombre” na “serious”

Hivi vinne vinaeleza uzito uliopo, na kinachovitenganisha ni mahali uzito huo ulipokaa. “Serious” ni cha jumla, kinafaa karibu kila mahali, na kwa sababu hiyo hakimwambii msomaji mengi. Mwanafunzi, ugonjwa, gazeti na kosa vyote vinaweza kuwa “serious”. Sina ugomvi nacho, ila mwandishi asijidanganye kwamba amechagua neno wakati amechukua tu lile linalokuja lenyewe.

“Grave” kinatokana na neno la Kilatini “gravis”, lenye maana ya -zito, na bado kinabeba uzani: “grave danger”, “a grave mistake”, “grave concern”. Kinatazama ukubwa wa madhara yaliyopo au yanayokuja. Wengi hudhani kinahusiana na nomino “grave”, yaani kaburi, lakini nomino hiyo ina asili nyingine ya Kiingereza cha kale, na kufanana kwao ni sadfa, hata kama ni sadfa inayokiongezea kivumishi ukali masikioni mwa msikilizaji.

“Solemn” ni cha ibada, kiapo na hafla. Neno la Kilatini lililokizaa lilihusu taratibu za kidini zilizoadhimishwa kwa desturi, na mpaka leo kivumishi hiki kinahitaji utaratibu au nia iliyowekwa: “a solemn oath”, “a solemn promise”, “a solemn procession”. Uzito wa “solemn” huandaliwa na watu. Watu wanavaa, wanasimama, wananyamaza kwa makusudi. Uzito wa “sobering” huwajia watu bila kuitwa. Kwa hiyo hafla inaweza kupangwa iwe “solemn”, lakini anayepanga hafla iwe “sobering” anategemea wageni wake waje wakiwa na mioyo myepesi.

“Sombre”, ambacho Wamarekani huandika “somber”, kilitoka Kifaransa kikiwa na maana ya giza, na giza hilo halijakiacha: rangi, anga, muziki, uso na hali ya mahali vinaweza kuwa “sombre”. Huzuni imo ndani yake, jambo ambalo si lazima kwa “sobering”. Kwa kuwa maneno haya mawili yanaanza kwa sauti moja na yanakutana katika habari za misiba, wanaojifunza huyabadilisha bila kujua. Kumbuka tu kwamba “a sombre mood” ni simanzi iliyotanda, na kwamba simanzi inaweza kutanda pasipo mtu yeyote kufikiri chochote kipya.

Mkasa mmoja, vivumishi vyote

Ni vizuri kuviona vikifanya kazi juu ya jambo moja. Meli ya Titanic ilizama usiku wa kuamkia tarehe 15 Aprili 1912, ikiwa na watu takribani 2,200, na zaidi ya 1,500 kati yao walikufa. Ilikuwa na boti 20 za kuokolea maisha, zenye nafasi ya watu 1,178. Idadi hiyo haikuvunja sheria. Kanuni za Uingereza za wakati huo zilipanga idadi ya boti kwa ukubwa wa meli, na daraja la juu kabisa lilikuwa la meli za tani 10,000 na kuendelea, ambazo zilitakiwa kuwa na boti 16. Titanic ilikuwa na zaidi ya tani 46,000, na bado ilihesabiwa katika daraja hilohilo. Kwa hakika ilibeba boti nyingi kuliko ilivyotakiwa.

Ibada za kuwakumbuka waliokufa ni “solemn”. Hali ya mji wa Southampton, ambako mabaharia wengi wa meli hiyo walikuwa na makazi, ilikuwa “sombre” habari zilipofika. Hatari iliyokuwa mbele ya meli, baada ya maonyo ya barafu kupokewa kwa redio, ilikuwa “grave”, na uamuzi wa kuendelea na mwendo wa kasi unaweza kuitwa “a grave error”. Swali la kwa nini sheria hubaki nyuma ya ufundi ni “thought-provoking”. Kwa wenye meli na waliotunga kanuni, mkasa ulikuwa “chastening”, kivumishi kinachotoka katika ukoo mmoja na “chastise” na kubeba wazo la kuadhibiwa mpaka mtu ajirekebishe. Marekebisho yenyewe yalikuja katika mkataba wa kwanza wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, uliotiwa saini mwaka 1914.

“Sobering” kinabaki na nini? Kinabaki na tarakimu. Boti ya kwanza kushushwa majini ilikuwa na nafasi ya watu 65, ikaondoka na watu wapatao 28, kwa kuwa abiria wengi hawakuamini kwamba meli kubwa namna ile ingeweza kuzama, wakaona sitaha ni salama kuliko boti ndogo juu ya maji meusi. Anayeisoma habari hiyo leo, akiwa amekaa starehe ndani ya chombo kinachosifiwa kwa usalama wake, anazinduka, kwa sababu imani ileile iliyowaweka wale abiria juu ya sitaha anayo yeye mwenyewe. “It is sobering to learn that the first lifeboat left less than half full” ni sentensi iliyokamilika, na hakuna kivumishi kingine katika kundi hili ambacho kingeingia mahali pake bila kupoteza kitu.

Zingatia pia ni nani anayeisema sentensi hiyo. Anaisema mtu aliye mbali, anayejifunza. Mjane wa baharia hangeuita msiba wake “sobering”, wala mwandishi mwenye adabu hangemwandikia kwa neno hilo, kwa maana kivumishi hiki hugeuza tukio kuwa funzo kwa mtazamaji. Hili, kwa maoni yangu, ndilo sharti la “sobering” ambalo kamusi hulisema kwa nadra na ambalo lina madhara makubwa zaidi likivunjwa. Katika barua ya rambirambi, kiache kabisa. Hata “tragic” inaweza kusikika kama ya gazeti, na “deeply sad” inatosha.

Lipo pia tatizo la kukichosha. Waandishi wa habari wamekipenda mno, hasa katika “a sobering reminder”, kiasi kwamba kila ajali, kila ripoti na kila kushindwa kwa timu kumekuwa ukumbusho wa namna hiyo. Mara nyingi kilichokusudiwa ni “bad” au “worrying”, na maneno hayo mafupi yangekuwa ya kweli zaidi. Katika makala moja, “sobering” kimoja kinatosha.

Kukirudisha katika Kiswahili

Anayefasiri kwenda Kiswahili asikimbilie -a kusikitisha, kwa kuwa kusikitika ni kuhuzunika, na msomaji atakosa ile sehemu ya kuzinduka. -a kushtua nayo inaleta ghafla bila tafakuri, ilhali -a kufikirisha inafaa zaidi kubakizwa kwa ajili ya “thought-provoking”. Pendekezo langu kwa matini nyingi ni -a kuzindua: takwimu za kuzindua, ukumbusho wa kuzindua. Pale ambapo uzito unahitaji kusikika zaidi, -a kutia fikira nzito inafanya kazi vizuri, ingawa ni ndefu. Kwa sentensi inayoanza na “It is sobering to think that”, usilazimishe kivumishi; “Mtu akifikiri kwamba … huishiwa na maneno” au “Inazindua kukumbuka kwamba …” husomeka kwa Kiswahili bila kumfanya msomaji aione lugha ya awali kwa nyuma. “The news had a sobering effect on the crowd” inaweza kuwa “Habari hiyo iliuzima uchangamfu wa umati”, kwa kuwa katika muktadha huo kilichozimwa ndicho muhimu kuliko fikira zilizofuata. Na habari ikiwa ya vituo vile vya waliolewa, sahau maneno yote hayo na utumie kulevuka, ambalo ndilo neno lenyewe.